Rafu ya Vyumba Kuwa Kabati la Vijiko: Tulivyofanya Jikoni Kwetu Kibuli

Jikoni kwetu Kibuli hakuna kabati hata moja. Nyumba nyingi za kupanga hapa Kampala ziko hivyo: sinki kwenye kona, dirisha dogo la vyuma, kisha ukuta mtupu. Vijiko vinaishia ndani ya kopo la maziwa ya unga, visu vinalala juu ya dirisha, na upawa unautafuta wakati mchuzi umeshaanza kushika chini.

Jirani alipokuwa anahama akaniuzia rafu yake ya vyumba vinne, zile rafu za mraba ambazo watu hupanga vitabu na viatu. Nikaona kabati limepatikana. Nikanunua vikapu vinne vya plastiki, nikavijaza vijiko, uma na miiko, nikavisukuma ndani. Wiki ya kwanza nilijisifu kwa kila aliyeingia. Mvua za Machi zilipoanza, sakafu ya chumba cha chini ikaumuka kama andazi. Na hata kabla ya hapo, kila nilipotaka kijiko kimoja cha chai ilibidi nivute kikapu kizima nikimwage.

Nilidhani shida ni kukosa cha kutilia vijiko. Shida ni kimo cha chumba. Kijiko kikilala hakifiki sentimita 3 kwenda juu, na chumba kina zaidi ya 30. Ukikiacha wazi hivyo utarundika tu, na kilicho chini hutakiona tena mpaka Idi. Kwa hiyo kazi yote ninayoieleza hapa ni kukigawa chumba kwa mapana, juu na chini, kwa droo fupi, na kuiepusha rafu na maji. Bibi yangu angeiita droo mtoto wa meza. Mafundi wa hapa wote wanasema droo, nami nitasema hivyo.

Gonga kabla hujapima

Fundi wangu ni Mkongo aliyekulia Bukavu, ana kibanda chake Ndeeba, hapahapa Kampala. Hakuniuliza nataka nini. Aliigonga rafu kwa kifundo cha kidole katikati ya ubao, halafu akagonga ukingoni, akaniangalia.

"Mama, unasikia? Hapa haiko mbao. Iko karatasi tu."

Kweli, katikati ilitoa sauti ya debe tupu. Rafu nyingi za aina hii zinazotoka nje zimetengenezwa hivyo: ngozi nyembamba ya ubao juu, nyingine chini, na katikati karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki. Mbao ngumu, ambayo nayo ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iko kwenye kingo peke yake. Ndiyo maana rafu ni nyepesi na mtu mmoja anaibeba. Skrubu ukiipiga katikati itaingia kama kisu kwenye parachichi na itatoka vivyo hivyo.

Za hapa nyumbani, zinazochongwa na mafundi wa Ndeeba na Bwaise, kwa kawaida ni ubao mzima, ama plaiwudi, ama chipubodi, yaani zile chembe za mbao zilizogandishwa. Hizo zinatoa sauti nzito kila mahali na zinashika skrubu vizuri zaidi. Lakini chipubodi ina ugonjwa uleule: ikinywa maji inavimba, na ikishavimba hairudi. Kama unanunua iliyotumika, pitisha kidole kwenye kingo za chini. Ukihisi uvimbe au ubao unaomung'unyika, achana nayo hata kama bei ni ya bure.

Vipimo

Rafu za IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, aina ya Kallax, ambazo tangu 2014 zilichukua nafasi ya aina yao ya zamani, Expedit, zina vyumba vya sentimita 33 kwa 33 na kina cha 39. Uganda hakuna duka lao, lakini rafu zenyewe zimo, zimekuja na mizigo ya watu. Yangu ni ya kipimo hicho. Za mafundi wetu hazina kipimo kimoja, na hata ndani ya rafu moja chumba cha kushoto chaweza kupishana na cha kulia kwa milimita 4. Pima kila chumba mara tatu, juu, katikati na chini, ushike kile kipimo kidogo kabisa.

Kisha tandika mkeka umwage vyombo vyote. Usiruke hatua hii. Mimi nilikuwa na hakika nina vijiko kama ishirini. Vilikuwa arobaini na moja, na uma saba tu, maana kwetu uma unatoka mgeni akija. Panga mafungu kwa matumizi, siyo kwa sura: vya kila siku, vya wageni, vya kupikia, vyenye makali. Pima kirefu zaidi katika kila fungu. Kwangu kijiko cha kulia kilikuwa sentimita 19.5, cha chai 14, kisu cha mkate 33. Mwiko wa kusongea posho, yaani ugali, ulikuwa 52, na huo usahau, hauingii kwenye droo yoyote ya rafu hii. Nitaurudia.

Mahali pa kuiweka, na miguu

Iwe mbali na sinki angalau hatua mbili, na isitazamane na sigiri, jiko la mkaa. Mvuke wa sufuria ya matoke unaofunikwa kwa majani saa nzima unatosha kubandua kingo za rafu polepole. Kama jiko ni dogo mno kwa hayo, bora rafu ikae kwenye korido ya kuingilia jikoni.

Usiisimamishe juu ya sakafu. Sisi tunapiga deki kwa maji mengi, na ile sentimita moja ya chini ndiyo inayokunywa. Mwombe fundi fremu ya mbao ya kalitusi yenye kimo cha sentimita 8, ndogo kuliko rafu kidogo kwa kila upande, kisha rafu ikalie juu yake bila skrubu. Nilitaka miguu minne mizuri ya kupiga skrubu, fundi akakataa: sakafu ya rafu ni karatasi, miguu ingetoboa.

Kingo zote zilizo wazi, hasa zile za chini ambazo kiwanda hakikuzivika, zipake vanishi au rangi ya mafuta mara mbili. Matundu ya skrubu na ya vijiti ambayo hayatumiki yazibe kwa silikoni. Hili wengi hawalijui: yale matundu yanaingia kwenye ile karatasi ya ndani, na kwa mende hapo ni nyumba ya kupanga yenye vyumba elfu. Kifuko kimoja cha mayai cha wale mende wadogo wa rangi ya kahawia, wanaoitwa mende wa Kijerumani, hubeba mayai 30 hadi 40. Mimi niliyaziba yangu baada ya kuhamia wao. Wewe ziba kabla.

Ishike ukutani

Mtoto akivuta droo mbili za juu kwa pamoja, uzito wote unakuja mbele. Rafu ya vyumba vinne ikikaa mraba ni imara kiasi, ya vyumba vinane ikisimama wima ni hatari hasa. Weka vyuma viwili vya kona juu ya rafu, skrubu ziingie kwenye ukingo mgumu, siyo katikati. Upande wa ukuta, toboa kwa drili yenye kekee ya matofali, gongomea plagi ya plastiki, ndipo ukaze skrubu. Msumari peke yake kwenye plasta unang'oka na kipande cha ukuta. Kama mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, basi lazima rafu yako iwe fupi na pana, na vitu vizito vikae chini.

Droo: hapa ndipo kazi ilipo

Duka lolote la vifaa vya ujenzi litakuuzia reli za chuma za droo. Ni nzuri kwenye kabati la mbao halisi. Kwenye rafu ya karatasi, skrubu zake zinakosa pa kushika, na baada ya mwezi droo inaning'inia. Nilikuwa nimeshazinunua, nikazirudisha.

Dawa yake ni kutengeneza kiunzi kinachojitegemea, kinachosukumwa ndani ya chumba kama kiberiti ndani ya ganda lake. Kina mbavu mbili na mgongo, na droo za juu zinabebwa na mbavu hizo. Rafu yenyewe haipigwi skrubu hata moja. Ukihama, unakivuta unaondoka nacho.

Vipande kwa chumba kimoja cha 33 kwa 33 kwa 39 ni hivi. Mpe fundi karatasi, usimwambie kwa mdomo:

Mbavu mbili za plaiwudi ya milimita 9, kimo sentimita 32.8, kina 38.5.
Mgongo mmoja wa plaiwudi hiyohiyo, upana 31, kimo 32.8. Unakaa katikati ya mbavu, nyuma.
Vijiti sita vya mbao, unene 1.5 kwa 1.5, urefu 37.
Droo mbili zenye kimo cha 7 na moja yenye kimo cha 13. Zote upana wa nje 30.6 na kina cha nje 37. Kuta milimita 9, sakafu plaiwudi ya milimita 4, nayo ihesabiwe ndani ya kile kimo.

Plaiwudi nzima ni futi 4 kwa 8, na hapa huhitaji hata nusu yake. Zunguka Ndeeba kwenye mashine za kupasulia, ulizia vipande vilivyobaki. Kwa vijiti na vigawanyo tulitumia musizi, mbao nyepesi isiyosumbua msumeno. Mvule utadumu kuliko wewe, lakini kwa droo ya vijiko ni kujionyesha.

Ukishapata vipande, laza ubavu mmoja mezani, upande wa ndani ukutazame. Kutoka ukingo wa chini pima sentimita 13.5, piga mstari, na kijiti cha kwanza kikae juu ya mstari huo. Pima tena kutoka chini 22.5, kijiti cha pili. Cha tatu kiguse ukingo wa juu kabisa. Gundi ya mbao kwanza, kisha misumari midogo miwili au mitatu kila kijiti. Ubavu wa pili uufanye ukiwa umelala kando ya wa kwanza, mistari ikitazamana. Ukiupima peke yake, utakosea kwa milimita 2, na droo itakaa upande kama kofia ya mlevi. Najua, kwa sababu ya kwangu ya kwanza ilikaa hivyo.

Droo kubwa inatambaa kwenye sakafu ya chumba. Hizo mbili ndogo zinakaa juu ya vijiti. Kijiti kilicho juu ya kila droo ndicho kinachoizuia isiiname ukiivuta, ndiyo maana hata ya juu kabisa ina kijiti ambacho hakibebi kitu. Mtu akikuambia cha tatu ni kupoteza mbao, mwambie avute droo ya juu iliyojaa uma.

Funga mgongo, sukuma kiunzi ndani kikiwa kitupu, kisha jaribu droo moja moja kabla hujapaka chochote. Kila upande wa droo una milimita 2 za kupumua. Inaonekana nyingi ukiwa unapima, lakini mbao hunywa unyevu. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zitazila hizo milimita. Fundi wa haraka atakuachia nusu milimita akujie na sifa kwamba imebana vizuri. Ukiikubali, mwezi wa Aprili utaifungua kwa goti.

Piga msasa, paka vanishi mikono miwili ndani na nje, isipokuwa juu ya vijiti na chini ya kuta za droo. Hapo sugua mshumaa mkavu. Nta inateleza vizuri kuliko vanishi, na ikiisha unasugua tena. Ziache droo nje ya rafu, kivulini penye upepo, mpaka harufu iishe kabisa. Mimi nilingoja siku tano. Vijiko hunusa.

Kishikio ni juu yako. Nilitaka kukata nusu mwezi kwenye uso wa droo, inapendeza na haigharimu kitu. Mume wangu akauliza mjusi atapita wapi. Tukanunua vishikio.

Vigawanyo

Ndani ya droo ndogo una upana wa sentimita 28.8. Weka vipande vitatu vya musizi vyenye unene wa milimita 6 kutoka mbele kwenda nyuma, unapata njia nne za karibu sentimita 6.7 kila moja. Ndani kwa kina zipo 35 na kidogo. Kijiko cha kulia cha 19.5 na cha chai cha 14 vinalala kwenye njia moja, kikubwa mbele na kidogo nyuma, na kipande kifupi katikati kikivitenganisha. Ndiyo sababu niliwatesa na vipimo vya mkekani: mkono ukizoea njia, unachukua kijiko gizani umeme ukikatika.

Usivipige misumari vigawanyo. Vibane tu kati ya vijipande vidogo vilivyogundishwa mbele na nyuma, ili uving'oe siku ya kuosha droo. Makombo ya vijiko hayasemeki.

Usitandike magazeti chini. Wino unatoka, karatasi inashika unyevu, na mende wanaipenda. Kitambaa cha plastiki cha meza, kilichokatwa kwa kipimo na kuachwa bila gundi, kinatosha.

Droo ya pili ni ya visu. Chukua kipande cha mbao cha kimo cha sentimita 4, mpe fundi akipasue mifereji ya msumeno, kila mfereji kisu kimoja, makali chini. Kisu kikigongana na vijiko kinapoteza makali haraka, na mkono unaotafuta kijiko unakatika. Visu vya kumenyea matoke ni vifupi, viwili vinakaa mfereji mmoja. Droo hii isiwe ya chini kama una watoto wanaotambaa. Kwetu iko chumba cha juu, droo ya katikati.

Droo ya chini ya kimo cha 13 inachukua upawa, chujio, mchapo wa mayai na vile vitu visivyo na jina. Hapo sikugawa kitu. Nimekubali kwamba kila jiko lina haki ya droo moja ya fujo.

Miiko

Miiko ya mbao haitakiwi kufungiwa. Mwiko unaokauka taratibu ndani ya droo unaota ukungu mweusi shingoni. Ile mifupi tuliisimamisha ndani ya chungu, juu ya rafu, vichwa juu. Ule wa posho, wa sentimita 52, una kamba na msumari wake ukutani kama ulivyokuwa zamani, na sioni aibu.

Kausha ndipo upange

Droo nzuri kuliko zote itaoza kama utaweka vijiko vinavyotiririka. Wenyeji wetu wana akatandaalo, kichanja cha miti cha kuanikia vyombo juani, na sijaona mashine inayokishinda. Vyombo vikitoka kuoshwa, viende kichanjani. Siku ya mvua, kitambaa kikavu, kisha viachwe mezani kidogo. Vijiko vya chuma cha pua vinavumilia, lakini visu vya chuma cheusi vitapata kutu kwa usiku mmoja na kuiambukiza droo madoa.

Mara moja kwa mwezi natoa droo zote, napitisha kitambaa kilichokamuliwa, nazianika saa moja, nasugua mshumaa. Na kama rafu yako ni ya zile nyepesi, kumbuka mtengenezaji wa Kallax anaruhusu kilo 13 tu kwa kila ubao. Gunia la unga wa posho la kilo 25 lisikae juu yake hata kwa dakika ya kumngoja mtu wa kulibeba.

Nilianza na chumba kimoja, nikakaa nacho wiki tatu, ndipo nikaagiza kiunzi cha pili cha vyombo vya wageni. Vyumba viwili vya chini viko wazi, vina chupa za chai na masinia. Na vile vikapu vinne vya plastiki viko barazani, vina vitunguu.